Maoni: Mfuko wa kunyonya hewa utakusaidia siku ya kukimbia, lakini si frigo

Siku hizi ukifungua simu hukosi kuona video ya pampu ndogo ya mkono inayonyonya hewa kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Mtu anaweka nyama, samaki, unga ao blanketi ndani ya mfuko, anafunga mdomo wake, anaweka pampu kwenye kitundu chenye kizibo, na baada ya dakika moja mfuko umebana kabisa. Kitu kilichojaza kapo kizima kinabaki kama kitabu. Muuzaji anamalizia kwa kuahidi kwamba chakula hakitaoza tena, hata bila umeme.

Kwetu sisi wa mashariki mwa Kongo, ahadi hiyo inagusa mahali panapouma. Umeme unakatika, frigo ni ya wachache, na hakuna anayejua ni lini atalazimika kufunga mlango na kuondoka. Kwa hiyo watu wananunua, ao wanaomba ndugu walio Kampala ama Dubai wawatumie.

Msimamo wangu ni huu: mfuko huo ni kitu kizuri, na kila familia ya Kivu na Ituri ingefaa kuwa nao ao kuwa na kitu kinachofanya kazi ileile. Lakini kazi yake ni kulinda vitu vikavu: makaratasi, nguo, dawa, unga, maharagi na karanga. Anayeutumia kulinda nyama na samaki wabichi bila baridi anajitafutia sumu. Na viongozi wetu, ambao kila mwaka wanazungumzia mipango ya dharura, wangepaswa kuwa wametufundisha tofauti hiyo zamani.

Kwa nini tunahitaji begi lililo tayari

Tukumbuke mwaka 2021. Jumamosi tarehe 22 Mei, jioni, mlima Nyiragongo ulilipuka. Watu wa Goma wakakimbilia Gisenyi na Sake, kisha wengi wakarudi asubuhi. Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 27 Mei, ikatangazwa kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya mji iondoke mara moja. Mamia ya maelfu ya watu wakaingia barabarani katika saa chache. Waliobeba magodoro walikuwa wengi. Waliobeba chakula cha siku tatu na makaratasi ya familia walikuwa wachache.

Mwezi wa tano mwaka 2023, katika teritwari ya Kalehe, mvua ya siku moja ilitosha kufanya mito ifurike. Bushushu na Nyamukubi zilifunikwa na matope na mawe, na watu zaidi ya 400 wakafariki. Hapo hakukuwa hata saa moja ya kujipanga. Aliyesalimika alisalimika na nguo alizovaa, bila kadi yake, bila diplome ya mtoto, bila karatasi ya kiwanja ambacho chenyewe hakionekani tena.

Halafu ikaja Januari 2025. Wapiganaji wa AFC/M23 waliingia Goma tarehe 27. Umeme na maji vilikuwa vimekatika, na watu wakachota maji ya Ziwa Kivu bila kuyasafisha. Maghala ya misaada yakaporwa. Katikati ya mwezi wa pili ikawa zamu ya Bukavu: Shirika la Chakula Duniani, PAM, lilitangaza kwamba karibu tani 7,000 za chakula chake zimeporwa huko. Na wakimbizi waliokuwa katika kambi zinazozunguka Goma wakapewa saa 72 za kuondoka.

Katika matukio hayo yote, siku za kwanza kila familia ilijitegemea yenyewe. Msaada unapokuja, unakuja baada ya siku. Wakati mwingine ghala lenyewe limeporwa. Kwa hiyo swali la nini kiko ndani ya begi lako usiku wa leo si swali la watu waoga. Ni swali la kawaida kwa yeyote anayelala chini ya volkeno, kando ya mto unaofurika ao karibu na mstari wa vita.

Mfuko unafanya nini hasa

Chakula kikavu kinaharibiwa na vitu vinne: unyevu, hewa, wadudu na panya. Oksijeni iliyo ndani ya hewa ndiyo inayofanya mafuta ya karanga yachache na kutoa harufu mbaya. Ndiyo pia inayowapa uhai wadudu wanaotoboa maharagi na ukungu unaoota kwenye unga. Ukiondoa hewa na kuzuia nyingine isiingie, wadudu wanakosa pumzi, ukungu unapungua nguvu, na unyevu wa nje haupati njia.

Plastiki yenyewe si ile sashe nyepesi ya sokoni. Mfuko mzuri umetengenezwa kwa tabaka kadhaa, mara nyingi nailoni na polietileni pamoja, kwa sababu plastiki ya tabaka moja inapitisha hewa polepole na inatoboka kirahisi. Ukinunua, jaribu kwanza. Weka kitambaa ndani, toa hewa, acha mpaka kesho saa ileile. Ukikuta umelegea, mfuko huo unavuja. Utumie kwa nguo tu.

Kama unaweza kuchagua, chukua pampu isiyohitaji umeme. Ile ya batri ni rahisi kuitumia, lakini siku mji umekosa umeme kwa wiki nzima haitakuwa na faida. Na ujue mapema kwamba ukiwa njiani na kufungua mfuko, huenda hutakuwa na pampu ya kuubana tena. Ndiyo maana chakula kigawanywe katika mifuko midogo, kila mmoja wa siku moja. Mfuko wa kilo kumi ukifunguliwa chini ya mvua pale Sake, kilo zote kumi zimeshaingia hatarini.

Kuna mambo mawili madogo ambayo wauzaji hawayasemi. Unga wa muhogo ni laini sana. Ukiunyonya moja kwa moja unaingia kwenye kitundu na mfuko haufungi tena. Uweke kwanza ndani ya bahasha ya karatasi safi ao kitambaa. Sambaza na ndakala waliokauka wana vichwa na miiba inayotoboa plastiki wakati mfuko unabana. Nao wafungwe kwa karatasi nzito kwanza.

Kutoa hewa si kuweka baridi

Sasa tufike kwenye hatari, kwa sababu hapa ndipo video zile zinadanganya watu.

Kuna vijidudu ambavyo havihitaji hewa. Kimoja kinaitwa Clostridium botulinum. Mbegu zake zinaishi katika udongo, zinaweza kuwa kwenye mboga, nyama ao samaki, na hazifi kwa kuchemsha kwa kawaida jikoni. Zikiwa hewani hazifanyi kitu. Ukiziweka mahali pasipo na oksijeni, penye unyevu, pasipo na uchachu wa kutosha, na penye joto, zinaamka na kutengeneza sumu kali kuliko karibu sumu zote zinazojulikana. Mfuko ulionyonywa hewa, wenye samaki mbichi ao sombe iliyopikwa, ukiachwa kwenye kabati, unakamilisha masharti yote manne.

Mtu aliyekula sumu hiyo, mara nyingi baada ya saa 12 hadi 36, anaanza kuona vitu viwili viwili, kope zinashuka, ulimi unakuwa mzito, kumeza kunashindikana. Kisha udhaifu unashuka mwilini mpaka misuli ya kupumua. Anahitaji dawa maalumu ya kupinga sumu na mashine ya kumsaidia kupumua. Jiulize ni vituo vingapi vya afya kati ya Minova na Kavumu, ao kati ya Komanda na Bunia, vinaweza kutoa huduma hiyo katikati ya vita. Na kibaya zaidi, chakula chenye sumu hiyo si lazima kinuke ao kibadilike rangi.

Ndiyo sababu ninasema wazi: nyama mbichi, samaki mbichi, samaki wa kuchomwa ambaye bado ana maji ndani, maziwa, wali uliopikwa, maharagi yaliyopikwa, sombe, uyoga na vitunguu saumu vibichi visiwekwe ndani ya mfuko bila hewa nje ya baridi. Kama una frigo na umeme, mfuko utasaidia nyama isikauke na isishike harufu. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, ihesabu nyama hiyo sawa na nyama iliyo nje ya mfuko. Mfuko haukuiongezea siku.

Wazazi wetu walijua kulinda chakula bila frigo. Walikausha, walitia chumvi, walichoma moshi mpaka kikauke kabisa. Makayabu, ndakala, muhogo mkavu: vyote vinasimama juu ya kanuni moja, kwamba penye ukavu vijidudu havizai. Mfuko mpya unaweza kulinda kazi hiyo baada ya kufanyika. Hauwezi kuifanya badala yako.

Kwanza ukavu

Kwa hiyo mtu asianze na pampu. Aanze na jua.

Mahindi, maharagi na karanga visipokauka vizuri kabla ya kufungwa, unyevu unabaki umefungiwa ndani pamoja navyo. Wataalamu wa kilimo wanashauri nafaka iwe na unyevu wa asilimia 13 hivi ao chini yake. Nani nyumbani ana kipimo hicho? Hakuna, lakini kuna njia ya chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, weka punje kidogo pamoja na chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja na uiache itulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, nafaka bado ina maji. Ikianguka yote chini, umefika. Wamama wengi wanatumia meno: punje iliyokauka inavunjika kwa mlio, ile mbichi inabonyea.

Hili si jambo la ladha tu. Ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zenye unyevu unaweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo inaharibu ini na, ikiliwa kwa muda mrefu, inaleta kansa ya ini. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo karanga zenye ukungu hazifai hata kwa kusaga siagi, na mfuko wa kisasa hauzisafishi.

Begi la familia: nini kiingie

Nikiombwa kupanga begi la familia ya watu watano, ningeanza na makaratasi, si chakula. Chakula unaweza kupewa na jirani. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho cha walio wengi, hakuna jirani wa kukukopesha. Ongeza vyeti vya kuzaliwa vya watoto, diplome, karatasi za kiwanja, kitabu cha chanjo, cheti cha ndoa. Mtu asiye na makaratasi anahangaika kwenye barrière, kwenye orodha ya wanaosaidiwa, na baadaye mahakamani anapodai kiwanja chake. Mfuko mmoja wa karatasi, uliotolewa hewa, unapita kwenye mvua na kwenye mashua bila maji kuingia. Picha za familia ziwekwe karatasi katikati, la sivyo zinagandana. Na nakala nyingine ikae kwa ndugu katika mji mwingine, ao picha yake kwenye simu.

Cha pili ni dawa. Aliye na dawa za kila siku, za presha, sukari, kifua kikuu ao virusi vya ukimwi, awe na akiba ya siku kadhaa, zikiwa ndani ya paketi ao kopo lake la asili lenye jina na tarehe. Usizitoe na kuzichanganya ndani ya mfuko mmoja kwa kutafuta nafasi. Njiani, gizani, hakuna atakayejua kidonge kipi ni cha nani.

Cha tatu ni chakula kisichohitaji makala mengi: karanga zilizokaangwa, biskuti, unga wa uji wa soya, mahindi na mtama, sukari, chumvi, sambaza waliokauka kabisa. Maharagi ni mazuri nyumbani, lakini njiani yanaomba saa mbili za moto na maji ambayo hutakuwa nayo. Kwa mtoto mdogo, uji kwanza.

Cha nne ni nguo moja moja kavu, blanketi jepesi na vitambaa vya wasichana na wamama. Hapa mfuko wa kunyonya hewa unafanya kazi yake bora kabisa, maana blanketi linapungua kuwa ukubwa wa mkate. Tochi, redio ndogo, kiberiti, sabuni na kamba vijaze nafasi iliyobaki. Kiberiti nacho kilindwe na maji.

Maji yenyewe hayana mfuko wa ajabu. Bidoni ya lita tano kwa kila mtu mzima anayeweza kuibeba, na vidonge vya kusafisha maji vikipatikana. Viwango vinavyotumiwa na mashirika ya misaada vinataja lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na kuoga. Hakuna anayeweza kukimbia na hizo zote. Lakini aliye na chombo safi cha kuchotea ana nafasi kubwa zaidi ya kuepuka kolera kuliko aliye na mikono mitupu.

Onyo moja kuhusu uzito. Mfuko unapunguza ukubwa, haupunguzi kilo. Unga wa kilo tano ulionyonywa hewa unaonekana mdogo, unashawishi kuongeza mwingine, na mwingine. Kutoka Goma hadi Sake ni karibu kilomita 25. Si kila mtu atapata motari ao chukudu siku hiyo. Pakia begi, libebe, tembea nalo saa moja mtaani kwako. Ukichoka, punguza.

Kama huna pesa ya pampu

Najua wengi watasema: mwandishi anaongea kuhusu mifuko ya wenye pesa. Ni pingamizi la haki. Mama anayeuza tomati kwenye Birere hawezi kuacha kununua unga ili anunue pampu. Lakini kanuni ni bure, hata kama kifaa kina bei.

Chukua mfuko mzito wenye mdomo wa kubana. Weka makaratasi ao biskuti ndani, acha mdomo wazi kidogo, ushushe polepole ndani ya beseni la maji, mdomo ukibaki juu. Maji yatasukuma hewa yote itoke. Funga mdomo kabla haujagusa maji, futa, na umemaliza. Haufikii pampu kwa nguvu, lakini kwa makaratasi na nguo unatosha.

Kwa maharagi na mahindi ya nyumbani, bidoni safi iliyokauka, ikijazwa mpaka juu kabisa na kufungwa kwa nguvu, inafanya kazi ya ajabu. Wadudu walio ndani wanamaliza oksijeni kidogo iliyobaki, kisha wanakufa wenyewe. Ni kanuni hiyohiyo iliyo katika mifuko ya PICS, ambayo Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kilianza kuitengeneza nchini Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde: mifuko miwili ya plastiki nzito, mmoja ndani ya mwingine, na gunia la nje. Wakulima wa Rwanda, Uganda na Tanzania wanaijua. Haina pampu, haina batri, na inaondoa haja ya kuweka vidonge vya sumu katikati ya chakula ndani ya nyumba ambamo watoto wanalala. Vidonge hivyo vinatoa gesi inayoua watu, si wadudu tu.

Jambo moja la kuzingatia: bidoni iliyobeba dawa ya shamba ao mafuta ya gari isirudi jikoni kamwe, hata ikioshwa mara kumi.

Na pampu yenyewe, kwa nini kila nyumba iwe na yake? Tuna muso karibu katika kila mtaa, tuna makanisa, tuna misikiti, tuna nyumba kumi. Pampu moja inaweza kutumika kwa familia 30, maana kila familia inaihitaji mara moja kila miezi michache. Muso inayochangia msiba na harusi inaweza kuchangia pampu moja na mifuko mizuri, na kuchagua Jumamosi moja ambapo kila mwanachama analeta makaratasi yake, nguo na chakula kikavu. Wakati huohuo watu wanaangaliana: nani hana nakala ya cheti cha mtoto, nani anatumia dawa gani, bibi yupi atahitaji mtu wa kumbebea begi.

Wanaosema tusifanye hivyo

Wapo watakaosema kupanga begi ni kuita mabaya. Ninawaheshimu, lakini mabaya yetu hayakungoja kuitwa. Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, ikalipuka 2002, ikalipuka 2021. Kufunga unga na kadi hakuamshi volkeno.

Wapo wanaosema begi lililopangwa vizuri linavuta wezi. Hilo ni kweli kidogo, na jibu lake ni kulipanga bila kulitangaza: begi la kawaida, la zamani, mahali ambapo watu wazima wa nyumba wote wanapajua. Pesa na simu zisikae humo.

Wengine watauliza kuhusu plastiki yenyewe. Ni swali zuri. Tangu agizo la serikali la tarehe 30 Desemba 2017, nchi yetu imekataza kutengeneza, kuingiza na kuuza sashe za plastiki, na bado zinajaza mifereji ya Bukavu na kusababisha mafuriko yaleyale tunayoyakimbia. Mfuko mzito unaooshwa na kutumiwa miaka kadhaa haulingani na sashe ya dakika tano. Lakini ukinunuliwa na kutupwa baada ya mwezi, tumeongeza taka tu. Uoshwe kwa sabuni, ukaushwe mdomo ukiwa chini, utumike tena. Uliobeba samaki usirudie kubeba unga.

Kazi ya wenye mamlaka

Hata hivyo, siwezi kuachia raia mzigo wote. Kila baada ya janga tunasikia kuhusu mpango wa dharura, kamati ya dharura, mkutano wa dharura. Rangi za tahadhari za volkeno watu wa Goma wanazijua. Lakini ni nani amewahi kuingia mtaani kumwambia mama wa Majengo ao Virunga: hivi ndivyo vitu kumi vya kuweka tayari, hivi ndivyo unavyovikinga na maji, na hiki ndicho chakula usichopaswa kukifunga?

Mambo matatu yanawezekana bila bajeti kubwa. La kwanza, komine ziweke siku za kuthibitisha nakala za vyeti bila malipo, ili familia iwe na nakala halali moja nyumbani na nyingine kwa ndugu. Gharama ya muhuri isiwe sababu ya mtoto kupoteza jina lake. La pili, mashirika yanayogawa sufuria na blanketi yaongeze mfuko mmoja wa makaratasi usiopitisha maji katika kila fungu. Ni kitu kidogo kuliko sabuni. La tatu, redio za mitaa, ambazo watu wanazisikiliza hata mtandao ukizimwa, zirudie kila wiki maonyo mawili: kausha kwanza, na usiweke kibichi bila hewa bila baridi. Wauzaji wanaotangaza kwamba mfuko wao unachukua nafasi ya frigo waulizwe na idara ya afya.

Mpaka hayo yafanyike, tuanze na tulichonacho. Wiki hii, kabla ya kununua chochote, kusanya makaratasi ya nyumba yako mahali pamoja na uyaweke ndani ya mfuko mzito uliobanwa. Pima maharagi yako kwa chupa na chumvi. Andika tarehe kwenye kila kifungu cha chakula. Kiweke ndani ya ndoo yenye mfuniko ao sanduku la chuma, kwa maana panya hatofautishi plastiki ya bei na ya bure. Kila miezi mitatu fungua, kula, weka kingine. Mfuko uliolegea ukaguliwe siku hiyohiyo, na chochote kilichopata unyevu ndani yake kisipewe mtoto kwa sababu tu kimegharimu pesa.

Amani ikija, na tunaiomba kila siku, chakula hicho kitaliwa nyumbani na makaratasi yatabaki safi. Hakuna atakayekuwa amepoteza kitu.